Kitambaa Kilichoondoka na Wazee wa Roki

Mnyambe, Newala
14 Agosti 2024

Mpendwa Wifi Dorothy,

Shikamoo. Kwanza niambie, lile goti limepata nafuu huko Bukoba? Mwanao Chrispin na watoto wake hawajambo? Sisi tu wazima, ila kifua changu hakipatani na salfa, ile dawa inayopulizwa kwenye mikorosho. Mwaka huu imechanua vizuri. Maji bado ni ya foleni.

Wifi, nimechanganyikiwa, na wa kumwuliza ni wewe tu.

Jumamosi binti yangu Loveness alinipeleka Masasi kwenye onyesho la wale wazee wa roki ambao kaka yako aliwapenda tangu ujana. Nilikataa. Akasema, "Mama, Baba angekuwepo angetangulia stendi." Nikaenda, nikiwa na kitambaa cheusi cha msiba ulichonifunga kichwani siku tuliyomzika.

Wamezeeka, Wifi! Mpiga gitaa anapigia kitini. Lakini walipoanza tu, nilimwona kaka yako Cecil kama yu hai, kwenye foleni ya maji, akigonga dumu tupu kwa vidole na kutikisa mabega mpaka watu wanacheka.

Mwimbaji, Mzee Optatus, alilowa jasho. Watu wakatoka kumtunza, nami nikatoka. Sikuwa na leso. Mkono ukaenda kichwani wenyewe, nikafungua kile kitambaa, nikamfuta uso. Akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu mama ananifuta au ananibatiza?" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Akakifunga shingoni, akaendelea kuimba. Nilipozinduka, gari lao lilishaondoka kwenda Mtwara.

Njiani nililia, na sijui nililia nini. Kichwa kilikuwa chepesi. Nimemkosea Cecil, au angefurahi? Asubuhi naona hivi, jioni naona vile.

Shemeji Charles amesikia. Kaniambia, "Shemeji, msiba umeuvua mwenyewe mbele ya magitaa. Oktoba, mwaka ukitimia, tuite watu waje kuvua nini?" Nikamjibu kwamba nilimfuta mtu jasho tu. Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo." Sasa hataki kwenda kwa padri kupanga ibada ya mwaka. Hilo ndilo linaloniumiza. Cecil akose kuombewa na watu wake kwa sababu ya mkono wangu?

Loveness amenunua kitambaa kingine, kipo mezani. Nikijifunga mwenyewe naona kama naigiza. Nikikaa hivi kichwa wazi, kanisani wananitazama. Kwetu dada wa marehemu ndiye anayefunga na ndiye anayefungua, kwa hiyo uamuzi ni wako. Nijifunge nikusubiri uje Oktoba kunifungua, au nibaki hivi? Nitafuata utakalosema. Lakini Charles mwambie mapema kuhusu ibada. Wewe atakusikia.

Loveness anakuamkia. Msalimie sana Chrispin na mkewe. Mungu awafunike kwa amani yake.

Na Jumapili, ukimwombea kaka yako, unikumbuke na mimi.

Wifi yako, nikupendaye daima,
Stella