Kikombe cha Emin

Sarajevo

Mdogo wangu Senija,

Nimerudi kwetu kama mtalii, ramani mkononi. Mti wetu wa plamu umezaa sana. Wenye nyumba wa sasa wamenipa kikapu, nikala.

Leo mkahawani niliagiza kahawa, na kile kikombe cha ziada tunachomwekea mgeni wa ghafla. Mimi humwekea marehemu mume wangu, Emin.

"Mama, bwana kakupotea mjini?" mwenye mkahawa akanitania.

Sauti ile! Ndiye Ranko, jirani aliyempasua Emin kichwa kwa kitako cha bunduki wakati wa vita, kisha akauburuta mwili.

"Ranko, ulimzika wapi?"

"Kunywa, jirani, itapoa."

Nikammwagia usoni birika zima. Wateja wakanikamata. Ngozi ikimbabuka, akapiga yowe: "Palepale kwenu! Chini ya mplamu!"

Njoo na sanda. Plamu zilikuwa tamu, Senija.

Dada yako,
Fadila