Kamera ya Baba na Rozari ya Ukutani

Jumapili, Juni. Upepo wa Sumbawanga leo unakata masikio. Nimevaa makoti mawili na tangu asubuhi nacheka peke yangu.

Acha nianze na aibu yangu. Picha ya mwisho ya marehemu baba niliipiga mimi, kwa kamera yake mwenyewe ya mkanda, na uso wake ukatoka na ukungu. Wiki mbili baadaye tukamzika. Miaka mitatu nimeamini kwamba mkono wangu ulitetemeka kwa kuwa nilijua tunampoteza. Sikumwambia mtu. Picha nikaitia kwenye bahasha, kamera nikaifungia kabatini.

Deo, mshikaji wangu wa hapa mtaani Mazwi anayepiga picha za harusi kwa kamera ya SLR, hunicheka kila akiikumbuka kamera ya baba. "Dada, mimi naangalia kupitia lenzi ileile inayopiga picha. Wewe unachungulia kidirisha cha pembeni, unalinganisha sura mbili za mtu mmoja mpaka zikutane. Hiyo si fokasi, hiyo ni ramli."

Wiki iliyopita niliitoa ile picha kwenye bahasha. Nyuma ya baba, ukutani, rozari imening'inia. Punje zake zinahesabika, moja moja.

Mkono ukitetemeka, kila kitu kinatoka na ukungu. Hata rozari.

Nilikaa kitandani nikalia, kisha hasira zikanipanda. Nikatoka na kamera, nikazungusha lenzi hadi mwisho wa umbali, nikachungulia msalaba wa mnara wa kanisa kule mbali. Nilipaswa kuona mmoja. Nikaona miwili, imekaa ubavu kwa ubavu. Kumbe kipimo cha umbali kilikuwa kimehama, fokasi ikaangukia ukutani badala ya usoni kwa baba, na kamera ilikuwa ikinidanganya bila haya! Nikaazima bisibisi ndogo kwa fundi saa wa sokoni, nikazungusha skrubu kidogo kidogo, pumzi nimeibana, mpaka misalaba miwili ikawa mmoja.

Jana tukaenda kijijini Mollo, mimi na Deo, kwa bibi mzaa baba. Bibi hakubali kupigwa picha nje kama mgeni. Ni jikoni, akisonga ugali wa ulezi, au basi. Tulipokwisha kumwamkia, Deo akatangulia. Jikoni mna giza, na lenzi yake ikawa inakwenda mbele na kurudi nyuma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi kwenye kidirisha changu niliona bibi wawili, kisha mmoja. Nikabonyeza.

"Mmemaliza? Ugali unapoa," bibi akasema.

Leo nimesafisha mkanda. Nimepiga kelele mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini! Macho ya bibi yametoka safi, kope kwa kope, na mwanga wa moto umo ndani ya mboni. Picha nyingi za Deo zimeukamata mwiko badala ya uso.

"Umenipiga bao, dada," Deo kasema alipoziona. "Ila kwa lenzi ndefu, kule mpirani, hunipati."

Kweli tupu, wala simbishii. Mchezaji wa mbali ni wake. Jikoni kwa bibi ni kwangu.

Kesho nampelekea bibi picha yake. Ya baba hairudi tena kwenye bahasha. Nimeitundika juu ya meza yangu na ukungu wake wote, rozari ikionekana.

Baba, mkono wangu haukutetemeka.