Chokaa Juu ya Uso wa Maria

Ipuli, Tabora.
11 Januari 2024.

Mpendwa mdogo wangu Elieza,

Marahaba kwa shikamoo zote unazonitumia kupitia watu. Hujambo huko Tunduma? Mguu wako uliokuwa ukivimba umepoa? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Mvua imenyesha vizuri na mahindi yetu ya Kwihara yamefika kiunoni.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu huipokei tangu Krismasi. Barua huwezi kuikata katikati.

Unakumbuka ulivyonipigia mwezi wa kumi na mbili kwa hasira? Mtu alikuwa amekupenyezea kwamba Ngassa, yule mchora vibao vya maduka, anachora Kuzaliwa kwa Yesu kwenye ukuta wa kanisa la kigango cha Kwihara, na kwamba Bikira Maria ana sura ya Julieth, binti yako uliyemfukuza na mimba yake. Ulisema, "Dada, ifutwe kabla ya sikukuu. Sitaki watu wapige magoti mbele ya aibu yangu."

Nilikwenda kuitazama nyuma ya pazia lililoifunika kungoja sikukuu. Siku ile sikukuambia, leo nakuambia: ilikuwa nzuri. Ngassa aliweka zizi la kwetu na ng'ombe wa pembe ndefu. Mamajusi wanakuja kwa njia ya misafara ya zamani, mizigo kichwani kama wapagazi. Maria ni Julieth mtupu, mpaka pengo la jino. Na mtoto alikuwa Fikiri, mjukuu wako, miezi minne, sikio moja limejikunja kama lako.

Wewe ndiye uliyeezeka kanisa lile kwa bati zako, kwa hiyo wazee wakakusikiliza. Nikamchukua Mfaume, fundi rangi wa hapa mjini. Alichovya brashi, akatazama ukuta, akaiweka chini. Akaniambia, "Mama, huyu si mjukuu wenu? Mimi siwezi, tafuta mwingine." Akafunga vifaa vyake akarudi msikitini kwake.

Nilipaka chokaa mwenyewe. Nilianza na mtoto kwa sababu alikuwa chini, ninapofikia bila ngazi. Nikarudia mara tatu mpaka hakuonekana. Krismasi ikaimbwa mbele ya ukuta mweupe, nawe ukaombewa kwa jina, mfadhili wa kigango.

Sasa habari yenyewe. Fikiri amefariki. Malaria ilimpanda kichwani, na tarehe nne tukamzika hapohapo Kwihara. Tulikupigia siku nzima. Simu iliita vizuri tu.

Julieth hana picha ya mtoto hata moja. Simu yake ni kitochi kisicho na kamera, na mimi, kama mama yetu alivyotulea, nilimkataza kumpiga mtoto picha kabla hajatoa meno. Lakini alisema kuchorwa si kupigwa picha, akakaa mbele ya Ngassa siku nne na mtoto mapajani. Nimemfuata Ngassa nikamwomba arudie. Anasema kuchora mtoto anaweza, lakini si yule. Yule alimchora akimtazama.

Siku ya tatu baada ya maziko nilimkuta Julieth kanisani na kijiko, anakwangua ukuta. Chokaa inatoka, lakini inatoka na rangi, na chini yake ni udongo. Nilimwambia aache. Hakugeuka. Akaniuliza, "Shangazi, uso wake ulikuwa wapi hasa?" Nikamwonyesha kwa kidole. Sasa anakwenda kila siku, na pale nilipoonyesha pana shimo kubwa kuliko sahani. Katekista hathubutu kumfukuza, na mimi sithubutu kuingia.

Ulitaka ifutwe, Elieza. Imefutika.

Msalimie Mama Yoramu, na Yoramu mwenyewe, umwambie shangazi yake anamkumbuka. Wao hawana kosa. Julieth hakunipa salamu zako, wala sikumwomba. Mungu akujalie umri mrefu na akili timamu mpaka siku yako ya mwisho, usisahau hata kidogo. Nami anifanyie vivyo hivyo, maana brashi niliishika mimi.

Dada yako, akupendaye hata sasa,

Levina