Uji wa Jumamosi

Baba,

Ni mimi tena, Mutesi wako. Ungekuwepo ungenitania kwamba nimekuibia maneno, maana hivyo ndivyo ulivyoanza kila sala tangu nikiwa mdogo: "Bwana, ni sisi tena." Ulisema kama mtu aliyerudi kwa jirani kuomba chumvi mara ya pili siku hiyo hiyo. Mama alikuwa akikukemea, eti Mungu hasemeshwi hivyo. Wewe ukamjibu kwamba Mungu anatujua, hakuna haja ya kujitambulisha upya kila jioni.

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwetu Niboye, kwenye kiti chako. Samahani. Tangu uondoke hakuna aliyethubutu kukikalia, tunakipita pembeni tu, hata wageni wakiwa wengi. Leo nimeona basi, heri nikikalie mimi. Mto wake bado umebonyea upande wa kushoto, ulikokuwa unaegemea.

Nikwambie kuhusu mazishi. Watu walijaa, Baba. Wale wa ofisi ya Kiyovu uliyoiendeshea gari mpaka ukastaafu walikuja na tai zao nyeusi. Bosi wako wa zamani akasimama akasema yeye si mtu wa kanisa, lakini nyimbo za kanisa anazijua zote, kwa sababu kila akitoka kwenye mkutano alikukuta garini unaimba. Walikuja pia wanawake wa Gitega wanaouza nyanya, ambao sisi hatukuwajua. Mmoja wao alilia kuliko mimi mwanao. Nilipomshika mkono akaniambia, "Baba yako alikuwa murwaza wangu."

Nilidhani nakujua. Nilijua unapeleka uji hospitalini kila Jumamosi, hata ile ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, ukishaweka jembe chini. Lakini sikujua kwamba manesi walikuwa wanakuita kila akiletwa mtu asiye na murwaza, asiye na wa kumlisha wala kumfulia wala kumkimbilia dawa, nawe ukawa unajitaja kuwa ndugu yake. Yule mama alisema ulimfulia kanga zake na kuzianika mwenyewe, watu wakitazama. Mzee wa kanisa mzima, na kanga za mwanamke wa Gitega! Nilicheka katikati ya kilio.

Kisha kwaya ikaanza wimbo wako, na ikauanza kwa sauti sahihi. Baba, hapo ndipo nilipojua kweli umekufa. Miaka yote ulizianzisha nyimbo juu mno, tukafika kwenye kiitikio tunapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa, mwalimu wa kwaya ameinamisha uso, nawe umefumba macho, una raha zako. Siku ile hakuna aliyepata shida. Uliimbiwa vizuri kabisa. Nililia mpaka Emanweli, kifungua mimba wako asiyejua kubembeleza mtu, akanishika mabega nisianguke.

Siku ya kuondoa matanga, gukura ikiriyo, tulikaa uani na fanta zetu, maana nyumba ya walokole haina pombe ya mtama. Mdogo wako Karori alinung'unika kidogo kwamba marehemu anaagwaje kwa soda, lakini akanywa zake mbili. Kisha akasimama kusema, kama desturi, nani anashika nafasi yako. Nyumba ni ya Mama. Emanweli ndiye atakayesimama kwenye harusi na misiba yetu. Halafu akanigeukia mimi: "Mutesi, mzee alisema sara ya hapa nyumbani iko yako. Haya, tuombee tufunge."

Nilisimama. Hakuna kilichotoka.

Walidhani ni majonzi. Hayakuwa majonzi peke yake, Baba, na wewe siwezi kukuficha. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeomba tayari, nimeomba kuliko nilivyowahi kuomba maishani. Kanisa lilifunga, Mama alifunga mpaka midomo ikapasuka, na mimi nilipiga magoti kando ya kitanda chako, wodi ile ile uliyokuwa unapelekea uji. Unakumbuka siku ile ya mwisho uliyoweza kusema? Nilikuwa nakulazimisha unywe japo kijiko kimoja. Ukakisukuma kikombe polepole ukaniuliza kama yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani amekunywa. Wewe umeshindwa hata kumeza mate, unauliza ya wa dirishani! Nikasema moyoni, hili angalau Mungu ameliona, mtu kama huyu hamwachi. Akakuacha. Au akakuchukua, kama wanavyosema kanisani. Kwangu kiti kimebaki kitupu vilevile.

Kwa hiyo nilisimama pale uani mbele ya watu wote, nikitakiwa kuzungumza na yule niliyemkasirikia. Mwishowe Mama akainuka, akawaambia watu karibuni chakula.

Tangu hapo nyumba yetu haikuwa na sala. Saa yake ikifika kila mtu hujitafutia kazi. Emanweli hutazama simu. Mama huosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa ananiangalia tu, kisha anazima taa ya jikoni. Nyumba uliyoijenga kwa kuomba, tangu tulipotoka Karagwe na magodoro mawili, ilikuwa inanyamaza mikononi mwangu, na mimi nilijua, na sikuweza.

Sasa nikwambie kuhusu uji.

Jumamosi ya kwanza baada ya kukuzika, Mama aliamka akapika sufuria lile kubwa, kama kawaida, mtama na soya. Akajaza chupa yako ya chai, ile ya bluu yenye mkono uliofungwa kwa waya. Akaiweka mlangoni karibu na viatu vyako. Ndipo akakumbuka. Ilikaa pale mpaka jioni, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuimwaga. Jumamosi iliyofuata akapika tena. Nikamwambia, Mama, unajitesa bure, wa kuupeleka hayupo. Akanijibu bila kugeuka, "Si baba yako aliyekuwa anaunywa."

Nilikasirika, nikavaa viatu, nikaichukua chupa. Ndiyo, Baba, nilikwenda kwa hasira, usinisifu. Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, alinipa kofia, chupa nikaipakata katikati yetu, akauliza mgonjwa wangu ni nani. Nililia ndani ya ile kofia njia nzima, na yeye, Mungu ambariki, akaongeza tu sauti ya redio.

Kitanda chako kimepata mtu. Ni mzee kutoka Burundi, mguu umefungwa, hana ndugu mjini hapa. Nesi aliponiona nasimama pale akauliza kama mimi ni murwaza wake. Nikasema ndiyo. Sijui ilitoka wapi, ila nilihisi kama nimevaa koti lako.

Nikamimina, kikombe baada ya kikombe, mpaka wa dirishani. Yule wako bado yupo, amekonda lakini yupo. Nikafunga chupa nikitaka kuondoka. Nikaona hakuna anayekunywa. Wote wameshika vikombe mikononi, mvuke unapanda, wananitazama. Hata mgeni wa kitanda chako alikuwa amesubiri, kwa kuwa wenzake wanasubiri. Yule wa dirishani akasema kwa upole, "Binti, tunangoja. Mzee alikuwa anaomba kwanza."

Nilitaka kuwaambia kwamba mimi si yeye, kwamba mimi na Mungu hatusemezani. Lakini ningewezaje? Watu wenye njaa wamekaa na uji mikononi kwa ajili ya desturi yako. Nikafumba macho nikasema, "Bwana, ni sisi tena."

Nikakwama pale pale. Nilisimama katikati ya wodi, mtu mzima, nalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Na yule wa dirishani, Baba, yule uliyemuulizia ukiwa huwezi kumeza, akanimalizia: "Amina. Mungu hapendi uji wa baridi."

Maneno yako! Ulikuwa unawaambia hivyo, kumbe. Sisi nyumbani ulituombea mpaka magoti yakafa ganzi, hospitalini kumbe ulikuwa unaomba sala fupi ili uji usipoe. Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka na makamasi yangu, kisha wakanywa.

Nisikudanganye, hasira haijaisha. Nina maswali na Mungu, na nikionana naye nitayauliza moja moja, naye atakaa ayasikilize. Lakini nimekwisha bisha hodi. Mtu hawezi kubisha hodi kisha akakimbia.

Jioni hii saa ya sala ilipofika, Emanweli alitoa simu, Mama akashika sponji. Nikaja nikakaa kwenye kiti chako. Mama akaona, akaiacha sponji ndani ya maji. Nikasema yale maneno, na safari hii nikafika mpaka mwisho, sala mbovu isiyo na mpangilio, nikakutaja na sauti ikakatika, nikaendelea. Kisha nikaanzisha wimbo wako.

Nimeuanzisha juu mno. Si kusudi, nakuapia, ndivyo ulivyotoka. Nikamtazama Mama nikidhani ataushusha, yeye mwenye sauti nzuri, maana wewe hapa nyumbani alikuwa anakushusha kila mara. Hakuushusha. Akapanda nami. Emanweli naye akapanda, mishipa imemtoka shingoni, na kwenye kiitikio tukapiga kelele wote watatu mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Hatukuufikisha mwisho. Mama aliufunika uso wake kwa kitenge, tukakaa tu, tumeshikana mikono.

Pumzika sasa, Baba yangu. Mwirirwe, shinda salama, kama ulivyotuaga kila asubuhi ukienda kazini. Jumamosi uji utafika ukiwa moto. Yule mzee wa kitanda chako anapenda sukari, nitamwongezea. Na wimbo wako katika nyumba hii hakuna atakayeushusha.

Mwanao,
Mutesi