Mkia wa Mbegu ya Nyasi

Jumamosi, 22 Juni
Brashi ya nywele ya binti yangu Wiyaka imekamilika. Bibi Verna alikaa kwenye ngazi za mlango, akifunga nyasi za sindano tulizochuma kilimani — mikia mirefu upande mmoja, mbegu upande wa pili. Kazi yangu kuchoma kwa moto ncha kali za mbegu. Mara tatu, alisema, maana sindano hujificha nyuma ya wenzake. Wiyaka akalia njaa. Nikachoma mara moja tu. Bibi akauliza kama tayari. Nikasema tayari.
Nikamchana Wiyaka kwa brashi hiyo, nikamsuka. Wiki ijayo anacheza ngoma ya kwanza, miaka miwili na nusu! Bibi akamtania kwa lugha yetu, Kilakota, eti kwa nywele hizi hata farasi watamwonea wivu.

Jumapili, 23 Juni
Anashikashika sikio la kushoto. Nilipomfumua nimekuta kipande cha mkia nyuma ya sikio. Mkia tu. Mbegu yake haipo.
Nimeubandika hapa kwa selotepu, juu ya maneno haya, nisije nikajidanganya kesho. Bibi sijamwambia.

Jumatatu, 24 Juni
Homa. Leland, baba yake, yuko kwenye kazi ya uzio hadi Ijumaa, kwa hiyo nimeenda kliniki na Bibi, maili arobaini. Muuguzi akasema sikio limevimba, haoni ndani sana. Akauliza, kuna kitu kimeingia? Bibi alikuwa ananitazama.
Nikasema sijui. Sijui!
Tumepewa matone, mara tatu kwa siku.

Jumanne, 25 Juni
Baada ya matone ya asubuhi: "Mama, mdudu anatembea."
Nikatafuta mbegu nzima kwenye mabaki ya nyasi za brashi. Nikaiweka kwenye kijiko, nikaidondoshea maji. Shingo yake ikaanza kujisokota, taratibu, mbegu ikigeuka na ncha ikisukuma mbele. Ndivyo inavyojipanda ardhini. Hilo nalijua tangu utoto. Na bado nimemtilia maji sikioni.
Saa nane Bibi akaja na chupa ya matone. Nikakataa.
"Mjukuu wangu, dawa haibishaniwi."
"Leo inabishaniwa, Bibi. Panda gari."
Njiani nikamwambia ni sindano ya brashi. Kwamba nilichoma mara moja tu, sikumwambia.

Saa kumi, benchi la kliniki. Wiyaka amelala mapajani, sikio juu, linawaka moto.
Bibi amemwambia muuguzi kosa ni lake: macho yake mabovu, hakuikagua brashi vizuri. Akainamisha kichwa. Bibi Verna! Sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa mtu.
Daktari wa mjini yuko kwenye simu, anataka kujua mbegu yenyewe ni ya namna gani, nene kiasi gani. Nikasema mkia wake ninao. Uko wapi? Kwenye daftari.
Nimejaribu kuubandua. Selotepu inang'oka na maneno. Mkia wenyewe unataka kukatika. Itabidi wauone ukurasa wenyewe, pamoja na niliyoandika: mara moja, nikasema tayari.
Muuguzi anasubiri mlangoni. Bibi amevaa miwani, amenyoosha mkono nimpe yeye daftari, nisimwamshe mtoto. Namwambia namalizia mstari