Usiku wa Ijumaa na Mashine ya Kadi

Kuze, Mombasa
Juni 1967

Kwa kaka yangu Kamaludin,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Nairobi, wewe na shemeji Sheikha na watoto. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, lakini ngazi apanda mwenyewe. Salamu hizi ni kwa amri yake. Ingekuwa ni mimi, ningeanza na matusi.

Chonga yuko rumande. Chonga yule dereva wa ghala letu la Shimanzi, aliyekupeleka stesheni na masanduku yako ulipokwenda kusoma, akakataa hata kikombe cha chai. Mteja wa ng'ambo amelalamika kuwa kuna makasha hayakumfika. Meneja akaiuliza ile mashine uliyotuletea kutoka ofisi kuu huko, nayo ikatoa kadi iliyotobolewa matundu: Chonga aliyatoa ghalani Ijumaa usiku. Na meli iliondoka Kilindini Ijumaa hiyo hiyo mchana. Basi ni mwizi, yamekwisha.

Sasa wewe mtoto wa Kuze, niambie, marehemu mzee Badawi, karani wa ghala, alikuwa akiandika vipi? Aliandika "usiku wa Ijumaa" kama mama asemavyo mpaka leo, usiku unaotangulia mchana wake. Yaani Alhamisi, jua likishatua. Chonga aliyapeleka makasha Alhamisi, meli ikiwa bado gatini, tena kwa ruhusa; kama yamepotea, yamepotelea mbele ya hapo. Vijana uliowaleta kutoka bara kunakili mafaili hawakulijua hilo, wala siwalaumu. Nakulaumu wewe uliyelijua.

Maana nilikwambia. Sikuipinga mashine, kaka, usinisingizie. Habari niliyokuwa nikiitafuta asubuhi nzima vumbini, yenyewe ilinitolea kabla sijakaa kitini. Niliipenda. Nilichoomba ni kwamba kila kadi iandikwe pembeni alama ya faili lake la zamani, na mafaili yenyewe yakae kwanza, mpaka tuhakikishe kuwa kadi mpya zinayaelewa maandishi ya kale. Ukacheka mbele ya wafanyakazi, ukasema nataka lori lilishwe majani kwa kuwa punda alikuwa akila. Kisha ukaamuru mafaili yachomwe ili nafasi ipatikane, nayo yakachomwa nyuma ya ghala huku nikitazama. Watu husema usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe wako hukuuacha tu, umeutia moto!

Mkewe Chonga huja ofisini kila asubuhi, akakaa mlangoni. Nimekupigia simu, karani wako aniambia uko mkutanoni. Mkutano gani huo usiokwisha? Na juzi meneja akatwambia umewahakikishia polisi kwamba kadi ni nakala kamili, na kwamba mafaili ya zamani yaliharibiwa na mvua. Mvua! Mvua ya wapi, Kamaludin? Niliinuka kwa hasira hata nikamwaga chai juu ya meza ya mwenyewe meneja, wala sikuipangusa.

Basi lijue hili kutoka kwangu, usije ukalisikia kwa watu. Kesi ni Jumatatu, nami nitatoa ushahidi upande wa Chonga. Nitaeleza usiku wa Ijumaa ni upi. Nitaeleza kwamba mafaili yalichomwa, na aliyeamuru nitamtaja kwa jina lake na la baba yetu. Wakili ameshayaandika maneno yangu. Kazi yako huenda ikapotea, na yangu ndiyo itakayotangulia.

Nilimweleza mama jana. Nilidhani atanizuia, maana ni kwa ajili yako aliuza vidani vyake, upate kusoma. Yeye akaniambia nimtolee buibui lake jipya, na Jumatatu nimwamshe mapema, kwani atakwenda kortini kukaa na mke wa Chonga.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu. Wallahi nakupenda, na sitabadili hata neno moja.

Mimi nduguyo,
Jaffar