Majivu ya Baba Yako

Mwanangu Iolo,

Huku mvua haijakatika, na yule kondoo wa jirani amezaa mapacha.

Jumamosi nilipanda kichwa cha garimoshi la mvuke, lile alilokuwa akilichochea marehemu baba yako, nikiwa nimepakata majivu yake. Dereva Hefin alichelewesha safari dakika kumi, akikungoja. "Atakuja tu, Mama. Kanada si mwezini."

Tulipofika mlimani akafungua tanuri, joto likanipiga usoni. "Haya, Mama Gwenda. Mwenyewe aliomba humu." Nikayamwaga motoni kwa mikono yangu. Hefin akapiga filimbi ndefu huku akilia bila kujificha.

Tuliposhuka akaniuliza, "Nyumbani una mtu?"

"Ninaye," nikamjibu.

Nilimdanganya, mwanangu.

Mama yako akupendaye,
Gwenda